Rupia za Kabla ya Juni

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1966 Serikali ya India ilishusha thamani ya rupia. Watu walilala dola ya Marekani ikiwa rupia 4.76, wakaamka ikiwa rupia 7.50. Aliyetangaza ni Waziri wa Fedha, Sachindra Chaudhuri. Waziri Mkuu alikuwa Indira Gandhi, ambaye hata nusu mwaka alikuwa hajatimiza madarakani. Sababu zimeandikwa sana: vita na Pakistani mwaka wa nyuma yake, ukame, misaada ya nje iliyosimamishwa, na wakopeshaji wa Washington waliokuwa wakishikilia kwamba rupia ni ghali mno. Hayo nawaachia wachumi. Swali langu mimi ni la aina nyingine, na limenikaa moyoni tangu utoto: mtu aliyekopa rupia mwezi wa Februari, akazirudisha zote mwezi wa Julai, amelipa deni lake au bado anadaiwa?

Tangazo lile la Delhi lilitukuta sisi Deira, ng'ambo ya hori la Dubai, tulikokwenda baada ya kutoka Unguja mwaka 1964. Kwa miaka mingi rupia ilikuwa ndiyo pesa ya Ghuba. Kuwait, Bahrain, Qatar, Dubai, Maskati, kote mtu alinunua mchele na kulipa kodi ya nyumba kwa rupia. Hadi mwaka 1959 zilikuwa noti zilezile za India. Kisha Benki Kuu ya India ikatoa noti maalumu za Ghuba, zenye rangi tofauti na herufi Z mbele ya namba, kwa sababu ya magendo ya dhahabu. Vipande vya tola kumi vilinunuliwa Dubai kwa halali, vikavushwa kwa siri hadi pwani ya Bombay, vikauzwa kwa rupia, na rupia zile zikarudi Ghuba ambako benki zilizikusanya na kuzipeleka India kudai pauni za Kiingereza. India ikaona hazina yake inavuja, ikazitenga noti za Ghuba na za nyumbani. Mwaka huohuo ilitoa na noti za Haji, za rupia 10 na za rupia 100, zenye herufi HA, kwa ajili ya mahujaji waendao Makka.

Lakini noti kutengwa si sarafu kutengana. Rupia ya Ghuba ilikuwa bado mtoto wa rupia ya India, na mama alipoanguka, mtoto alianguka naye. Waliokuwa wametoka mapema walipona. Kuwait ilianzisha dinari yake mwaka 1961, dinari moja kwa rupia 13 na theluthi. Bahrain ikafuata mwaka 1965, dinari moja kwa rupia 10. Aliyekuwa na rupia 2,000 Manama mwaka ule alizibadilisha akapata dinari 200, akalala usingizi wake. Aliyebaki na rupia 2,000 hadi Juni 1966 zikawa, kwa thamani rasmi, sawa na dinari 127 tu. Pauni ya Kiingereza, iliyokuwa rupia 13 na theluthi, ikawa rupia 21.

Nimezitaja rupia 2,000 kwa sababu ndizo alizokopesha marehemu baba yangu. Mkopaji alikuwa rafiki yake wa tangu Unguja, sisi watoto tukimwita Ami, mtu mwenye hisa katika jahazi lililokwenda Lamu kwa kaskazi kuchukua boriti na kurudi kwa kusi. Alitaka mtaji. Baba hakuwa na pesa taslimu. Alimwomba mama bangili zake. Nakumbuka mizani ya sonara wa Deira, sahani mbili za shaba zinazoning'inia kwa vijinyororo, na mawe ya tola upande mmoja. Mama alizivua mwenyewe, moja moja, na ile ya mwisho ilimkaza kifundo hadi sonara akampa sabuni. Alisimama mpaka pesa zikahesabiwa, akamkabidhi baba, naye akamkabidhi Ami siku hiyohiyo mbele ya mashahidi wawili, kama dini ilivyoamrisha. Ahadi ilikuwa kulipa jahazi litakaporudi.

Jahazi lilirudi mwezi wa Mei. Boriti ziliuzwa. Ami alikuja kwetu, akanywa kahawa, akaomba asubiriwe kidogo kwa kuwa alikuwa ameona ndimu kavu za bei nafuu na hataki kuikosa biashara ile. Baba akakubali. Mwezi wa Julai Ami alikuja na rupia 2,000 kamili, hazikupungua hata moja, akazihesabu juu ya mkeka.

Mama alizitazama akasema, "Hizi si zile."

Baba akamjibu kwamba ni zilezile kwa idadi, na idadi ndiyo iliyoandikwa. Alizipokea, akamshukuru Ami, akamwombea baraka. Ami alipoondoka wazee wangu walianza mjadala ambao haukwisha hadi baba alipofariki. Haukuwa ugomvi, walipendana mno. Lakini kila mmoja alikuwa na hoja, na mimi, mtoto wa chuoni niliyekuwa nikihifadhi juzuu, niliona kwa mara ya kwanza kwamba watu wawili wacha Mungu wanaweza kuitazama noti moja wakaona haki mbili.

Hoja ya baba ilikuwa ndiyo ya vitabu. Karadha hulipwa kwa mfano wake: aliyekopa pishi ya mtama hulipa pishi ya mtama, uwe umepanda bei au umeshuka. Akidai zaidi ya alichotoa, ameingia katika riba, na riba imetangaziwa vita. Hata ukitaka kulipwa kwa sarafu nyingine, kanuni ipo. Ibn Umar, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alikuwa akiuza ngamia kwa dinari na kupokea dirhamu, au kwa dirhamu na kupokea dinari, akamwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, akaruhusiwa kwa sharti la kutumia bei ya siku ya malipo, na wasiachane ilhali kimebaki kitu baina yao. Bei ya siku ya malipo, baba alikuwa akirudia. Kama Ami angelipa kwa pauni, angelipa pauni 95, si zile 150 ambazo rupia 2,000 zingenunua mwezi wa Februari. Na mwezi wa Septemba, Qatar na Dubai walipotoa riyali yao mpya iliyobeba thamani ya rupia ya kabla ya Juni, rupia 2,000 zilikuwa na thamani ya riyali 1,270 hivi.

Mama hakuwa na vitabu. Hoja yake ilikuwa kwamba yeye alitoa bangili, na zilizorudi hazingeweza kununua bangili zilezile. Kama pishi yenyewe imekatwa usiku watu wamelala, asubuhi ukanijazia pishi hiyo, umenipunja, hata kama umeijaza mpaka inamwagika. Na akiongeza neno ambalo baba hakuwa na jibu lake: Ami alikuwa na pesa mwezi wa Mei.

Nilikua, tukahamia Maskati baada ya Sultan Qaboos kushika nchi, na riziki yangu ikawa katika maduka ya kubadilisha fedha, kwanza Matrah kisha Ruwi. Jioni nilisoma fiqhi kwa masheikh wa mtaani. Mchana nikiitazama rupia ikishuka, usiku nikisoma wanazuoni waliokuwa wakizozana juu ya sarafu zilizoshuka miaka mia kadhaa kabla ya Benki Kuu ya India kuzaliwa. Ilinipa faraja kubwa kugundua kwamba mama yangu hakuwa peke yake.

Abu Hanifa alisema mkopaji wa fulusi, yaani sarafu za shaba, hurudisha fulusi kwa idadi yake, zipande zishuke. Mwanafunzi wake Abu Yusuf, aliyekuwa kadhi mkuu wa Baghdad zama za Harun al-Rashid, alikuwa na rai hiyohiyo kisha akaiacha, akasema hulipwa thamani yake. Na nadhani ukadhi ndio uliomgeuza. Mwenye kusikiliza kesi hukutana na nyuso. Suyuti wa Cairo aliandika risala juu ya sarafu zinapobadilika. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, aliandika nyingine, kwa sababu amri za dola ya Uthmaniyya zilikuwa zikipandisha na kushusha sarafu, na watu wakija kwake na mikataba iliyoandikwa kabla ya amri. Baina ya Wamaliki, ambao asili ya madhehebu yao ni mfano kwa mfano, alitokea al-Rahuni wa Morocco akasema: isipokuwa mabadiliko yakizidi mno, hata mpokeaji akawa kama aliyepokea kitu kisicho na faida.

Ukiwasoma kwa utulivu utaona wote wanazunguka jambo moja. Dhahabu na fedha hubeba thamani yake tumboni mwake, kwa hiyo humo hakuna mzozo: gramu kwa gramu. Shaba hupata thamani kutoka kwa watu na kwa amri. Sasa rupia ni ipi? Ilipozaliwa ilikuwa fedha. Rupia ya zama za Waingereza ilikuwa na uzito wa tola moja, gramu 11.66, na katika hizo sehemu kumi na moja kwa kumi na mbili zilikuwa fedha safi. Mwaka 1893 serikali ya India ilifunga milango ya viwanda vyake vya sarafu kwa watu wanaoleta fedha yao wenyewe ichapwe. Tangu siku ile rupia ikawa na thamani ya amri, juu ya thamani ya fedha iliyomo. Mwaka 1940 fedha ndani yake ikapunguzwa hadi nusu. Mwaka 1947 ikatolewa yote, ikawekwa nikeli. Kwa hiyo rupia aliyoipokea Ami mwaka 1966, karatasi yenye herufi Z, ilikuwa fulusi kwa kila kipimo cha wanazuoni wale, ingawa jina lake lilikuwa bado la fedha, na baba aliihukumu kwa jina.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema kwamba basi kila deni lifungwe na kipimo kingine kisichoshuka. Kipi? Laiti baba angeandika deni kwa pauni, mwezi wa Novemba 1967 Uingereza nayo iliishusha pauni, kutoka dola 2.80 hadi dola 2.40. Angekimbilia dola, Agosti 1971 Marekani iliacha kuibadilisha kwa dhahabu. Angekimbilia dhahabu yenyewe, wakia iliyokuwa dola 35 ilifika dola 850 Januari 1980, na mkopaji maskini aliyeahidi kurudisha wakia kumi angeuza nyumba. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait Desemba 1988 liliamua kwamba madeni yaliyothibiti hulipwa kwa mfano wake, si kwa thamani, na haijuzu kuyafunga na kiwango cha bei. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika kwa niaba ya mama. Leo naona walichokiogopa. Ukimruhusu mdai kudai thamani, kila mdai atachagua kipimo kinachompendeza, na mwenye nguvu ndiye atakayeshika mizani. Hukumu lazima iwe na ukuta, na idadi ni ukuta ambao hata asiyejua kusoma anauona.

Lakini fiqhi ina nyumba mbili, na watu wengi huishi katika moja tu. Ipo hukumu ya mbele ya kadhi, na ipo hukumu baina ya mtu na Mola wake. Kadhi humwambia mdai: huna haki ya kudai zaidi. Hamwambii mdaiwa: umemaliza. Mtume alikopa ngamia mchanga, na wakati wa kulipa hakupatikana ila aliye bora kuliko yule. Akaamuru atolewe huyohuyo bora, na akawasifu wanaolipa vizuri. Ziada isiyoshurutishwa, inayotoka kwa mkono wa mdaiwa kwa hiari yake, si riba, ni ihsani. Na mimi nasema ikiwa mdaiwa anajua kwamba alichokirudisha kina thamani ya theluthi mbili ya alichopewa, basi ihsani hiyo inakaribia sana kuwa wajibu wake, ijapokuwa hakuna kadhi atakayemwita.

Na palipo na ucheleweshaji naondoa hata neno "inakaribia". Mtume ametufundisha kwamba mwenye uwezo anayeahirisha kulipa anadhulumu. Tangu Mei, boriti zilipouzwa, kila siku iliyopita ilikuwa juu ya shingo ya Ami. Baba alimpa muhula, ndiyo, na muhula huondoa dhambi ya kuchelewa. Hauondoi ukweli kwamba faida ya ndimu kavu ilikwenda kwa Ami, na hasara ya Juni ilikwenda kwa mama, na mama hakuulizwa. Aliyefaidika na muda ndiye anayestahili kubeba kilichotokea ndani ya muda huo. Baba alikuwa na haki ya kusamehe kilicho chake. Bangili hazikuwa zake.

Hapo ndipo ninapozikumbuka zile noti za Haji. Desturi ya Waislamu ni mtu asafishe madeni kabla ya kwenda Makka, na ni wangapi waliondoka mwaka uliofuata wakijiona wepesi kwa sababu walirudisha idadi? Sisemi Haji yao haikukubaliwa, hilo si langu. Nasema tu kwamba ningependa kila anayejiandaa kwa safari ile ajiulize pia juu ya thamani.

Miaka yangu ya kaunta ilinionyesha upande wa pili wa mizani hiyo. Riali ya Omani imefungwa na dola. Tangu Januari 1986 dola moja ni baisa 384 na nusu. Rupia inaelea. Julai 1991, India ilipokuwa imefikia kupeleka dhahabu ya akiba yake London kuweka rahani, rupia ilishushwa mara mbili ndani ya siku tatu, na riali moja iliyokuwa rupia 55 hivi ikapanda kuelekea 67. Mwaka 2000 ilikuwa kama 117. Mwaka 2013, kati ya Mei na mwisho wa Agosti, ilipanda kutoka kiasi cha 140 hadi 177. Wiki zile foleni za Ruwi zilitoka nje hadi barabarani. Vijana wa ujenzi kutoka India walisimama kwenye jua la Agosti wakitazama ubao wa bei, kila mmoja akipiga simu nyumbani. Wapo waliokopa riali ili watume zaidi wakati rupia iko chini. Walifurahi, na nilifurahi nao, maana deni la viza walilokopa nyumbani kwa rupia, lililowanyima usingizi, lilikuwa limepungua bila wao kulipa. Lakini deni lina ncha mbili. Huko kwao, katika jimbo la Kerala, alikuwapo shemeji, jirani au mjane aliyekopesha rupia hizo, naye akazisubiri.

Kijana mmoja wa Malappuram, Mwislamu, mpole, tulikuwa tukiswali naye adhuhuri. Mwaka 2000 alipokuja Oman alikusanya pesa za wakala kutoka kwa watu wawili. Shemeji yake alimpa rupia 35,000. Dada yake alimpa bangili za pavan kumi, ambazo kwa kipimo cha Kerala ni gramu 80, akaziuza kwa karibu rupia 35,000 vilevile. Msaada wa wiki moja, wa kiasi kimoja. Maradhi ya baba yake na ujenzi wa nyumba vilimchelewesha, na mwaka 2010 ndipo alipoweza kulipa. Ukiutazama ubao wa duka letu ungedhani hakuna kilichobadilika ndani ya miaka kumi: riali ilikuwa rupia 117, sasa ilikuwa 119. Sarafu mbili zilikuwa zimekwenda chini pamoja, bega kwa bega, kwa hiyo hakuna iliyomshtaki mwenzake. Dhahabu ndiyo iliyosema. Gramu 80 zilikuwa sasa karibu rupia 148,000.

Aliniuliza afanye nini. Kwa dada hapakuwa na mjadala: alikopa dhahabu, anadaiwa dhahabu, kwa uzito. Zaidi ya riali 1,200. Hakunung'unika. Kwa shemeji, hukumu ni rupia 35,000, hazifiki riali 300. Akanitazama akasema, "Mzee, hivi kweli mmoja nimrudishie nyumba, mwengine nimrudishie mlango?" Nilimjibu kama ninavyoandika hapa: shemeji hana haki ya kukudai zaidi, nawe usimwahidi kitu, lipa idadi yake kwanza, mbele ya mashahidi, deni life, kisha siku nyingine mpelekee zawadi kwa kadiri ya moyo wako na mfuko wako. Alifanya hivyo, na zawadi yake aliikata kwa makusudi iwe gramu 40 za dhahabu. Sikumwambia mimi kiasi hicho. Nilipomsimulia mama, ambaye alikuwa bado hai, alinyamaza kisha akamwombea dua ndefu mtoto wa watu ambaye hakuwahi kumwona.

Kesi iliyonifundisha zaidi ni ya mahari. Mwaka 2005 alifariki mzee mmoja wa Matrah. Mke wake mkubwa alikuwa ameolewa mwaka 1965, na katika cheti cha ndoa kulikuwa na mahari ya kuahirishwa, rupia 500, ambayo mume hakuilipa maisha yake yote. Mahari ni deni. Hutolewa kabla ya urithi kugawanywa. Warithi walikuwa yeye, mke mdogo, watoto watatu wakubwa wa kiume, na mtoto wa mke mdogo aliyekuwa na miaka kumi na tatu. Waliniita pamoja na sheikh ili nipige hesabu.

Hesabu zilitoka tatu. Ukisema rupia ni rupia, basi rupia 500 za India siku ile zilikuwa riali 4 na baisa mia tatu na kitu: bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Kisha sheikh akasema: rupia ya Ghuba si hai, Oman iliiacha mwaka 1970 ilipotoa riali Saidi, na sarafu ikikatika kabisa katika soko hukumu yake si ile ya sarafu iliyoshuka tu. Muhammad bin al-Hasan, mwenzake Abu Yusuf, aliitazama thamani ya siku ya mwisho sarafu ilipokuwa ikitumika. Kwa njia hiyo zilipatikana riali ishirini na kitu. Na kwa rai ya Abu Yusuf mwenyewe, thamani ya siku ya mkataba: mwaka 1965 rupia 500 zilikuwa dola 105, na dola 105 zilikuwa wakia tatu za dhahabu, ambazo ni tola nane kamili. Tola nane kwa bei ya mwaka 2005 zilikuwa zaidi ya riali 500. Riali nne, ishirini na kitu, zaidi ya mia tano. Na kila moja ina mwanazuoni wa kuisimamia.

Mtoto mkubwa wa marehemu alikuwa upande wa riali nne. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kula mali ya wenzake kwa jina la mama yake. Mke mdogo, na hili sikulitarajia, ndiye aliyesema kwamba mwanamke aliyeishi na mume miaka arubaini hawezi kupewa pesa ya mishikaki. Sheikh akapendekeza sulhu, ambayo sharia inairuhusu na kuipenda, warithi wakubaliane kiasi kilicho kati. Wakakubaliana riali 250. Nilikuwa nimeshaanza kuandika, sheikh akanishika mkono.

"Huyu kijana je?" akauliza.

Mtoto wa miaka kumi na tatu alikuwa amekaa karibu na mlango. Yatima hawezi kusamehe, wala hakuna wa kusamehe kwa niaba yake. Sulhu ya wakubwa haigusi fungu lake. Ikabidi nianze upya. Fungu la kijana lilihesabiwa kana kwamba mahari ni riali ishirini na kitu, kile kiasi ambacho sheikh alikiona ndicho kisichokuwa na shaka, kwa kuwa sarafu ilikatika. Na kilichobaki mpaka kutimia 250 kilitolewa na wakubwa katika mafungu yao, mke mdogo akiwemo. Mkubwa wa wale ndugu aliuliza kama anaweza kubeba sehemu ya mke mdogo pia. Sheikh alimruhusu. Nikaandika karatasi mbili, moja ya deni na moja ya hiba, wakatia sahihi, na riali 250 zikahesabiwa mbele ya mama yao kabla adhana ya magharibi haijatoka.